Kisu cha kukunja kwa mkaazi wa Lamu: Opinel, Victorinox, Okapi au kile kisicho na jina?

Anayenunua kisu cha mfukoni huanza kwa kulitazama bapa: hupitisha kidole gumba juu ya makali, hutazama mng'aro, huuliza bei, akalipa. Kwa mtu wa bara mwenye hewa kavu huenda hilo likamtosha. Katika kisiwa ambako upepo wenyewe umebeba chumvi na mchanga haukosekani mfukoni, bapa ndilo la mwisho kuharibika. Kinachotangulia kufa ni bawaba, pale bapa linapoingia mpinini, mahali ambapo jicho halioni wala kitambaa hakifiki. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu unaipa bawaba uzito kuliko makali, na mshindi wake huenda asiwe yule ambaye angeshinda Nairobi.

Vinavyolinganishwa ni visu vinne. Cha kwanza ni Opinel nambari 8 cha Ufaransa, kinachotengenezwa Savoie na ukoo ulioanza kazi hiyo mwaka 1890: bapa moja la sentimita 8.5, mpini wa mviringo wa mti wa beech, na pete ya chuma inayozungushwa kulifunga bapa. Cha pili ni Victorinox cha Uswisi, na hapa nakusudia kile cha milimita 91 kiitwacho Spartan, chenye bapa kubwa na dogo, kifungulia makopo, kifungulia chupa, kizibuo na sindano ya kutobolea. Kiwanda chake kiliasisiwa na Karl Elsener mwaka 1884, na asili ya umbo hilo ni kisu cha maafisa cha mwaka 1897. Cha tatu ni Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na ambacho sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Hutambulika kwa mpini wake uliopambwa kwa miezi na nyota za madini. Cha nne hakina jina la kudumu. Ni kile cha kutoka China, cheusi au cha rangi ya fedha, chenye klipu ya kukibania mfukoni na kijiti cha kulisukumia bapa kwa kidole gumba, kinachopatikana madukani na kwa wachuuzi kwa shilingi mia chache.

Kwa bei, Victorinox Spartan ndicho ghali zaidi kati ya vinne, takriban mara mbili ya Opinel, ambacho huko Ulaya huuzwa chini ya euro 20. Nauli na ushuru huongeza gharama ya vyote viwili vinapofika pwani yetu. Okapi na kile kisicho na jina ni rahisi kuliko hivyo. Hata hivyo, kisu cha bei ndogo kinachoganda baada ya msimu mmoja wa kusi si nafuu kwa mtu anayekihitaji kila siku, na nitarudi kwenye hesabu hiyo baadaye.

Chuma na chumvi

Chuma huitwa kisichoshika kutu kinapochanganywa na kromiamu ya kutosha, kuanzia kama asilimia 10.5 na kuendelea. Hakuna kati ya visu hivi ambacho hakitashika kutu kabisa kikilala na maji ya bahari ndani yake, lakini vinatofautiana sana kwa muda vinavyostahimili. Bapa la Victorinox lina kromiamu ya asilimia 15 hivi na kaboni ya asilimia 0.5. Opinel huuzwa kwa namna mbili, na mnunuzi wa pwani anapaswa kusoma maandishi kabla ya kulipa: lililoandikwa INOX ni chuma cha Sandvik 12C27 kilichorekebishwa, ambacho kwa kromiamu na kaboni hakiko mbali na cha Victorinox, na lililoandikwa CARBONE ni chuma cha kaboni kisichokuwa na kinga yoyote. Maana yake kwa mtumiaji ni kwamba Victorinox na Opinel cha INOX huvumilia chumvi na kukaa na makali karibu sawa. Katika kukata kamba za magunia, kufungua maboksi na kumenya machungwa, tofauti iliyopo ni ndogo kiasi kwamba isiwe sababu ya kuchagua kimoja na kukiacha kingine.

Tofauti kubwa ni kati ya viwili hivyo na vyuma vya kaboni, yaani Opinel cha CARBONE na Okapi. Bapa la kaboni likikata ndimu au embe bichi la achari, kisha likawekwa kando bila kuoshwa, hubadilika rangi kabla chungu hakijachemka: kwanza hupata madoa ya kijivu, kisha huingia rangi ya samawati iliyokolea, na kitunguu kitakachofuata kitakuwa na ladha ya chuma. Rangi hiyo si kutu, na hata hulikinga bapa kidogo. Kinga hiyo, kwa bahati mbaya, haiwezi kushindana na maji ya chumvi. Usiku mmoja ndani ya mfuko wa kaptura iliyolowa baharini unatosha kulitia bapa hilo vidoa vyekundu vinavyochimba, na vikishachimba kwenye makali huviondoi ila kwa kulisaga bapa zima kwa jiwe.

Kwa kile kisicho na jina, herufi zilizochongwa karibu na bawaba husema mengi kuliko muuzaji. Kikiandikwa 3Cr13, tarakimu ya kwanza inadokeza kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, yaani takriban 0.3, na 13 ni kromiamu. Chuma hicho hakishiki kutu haraka, lakini ni laini na makali yake hulala baada ya maboksi machache. Kikiandikwa 8Cr13MoV, kaboni imefika 0.8 na hapo umepata chuma kinachoweza kusimama karibu na cha Opinel, iwapo kimetiwa moto sawasawa na iwapo maandishi ni ya kweli. Kisichoandikwa chochote ila kwamba hakishiki kutu, au kilichojazwa jina la jeshi fulani, kichukuliwe kuwa cha namna ya kwanza.

Bawaba

Hapa ndipo visu hivi vinapoachana kabisa.

Opinel ina bawaba nyepesi kuliko zote: mfereji uliokatwa kwa msumeno ndani ya mti, ribiti moja inayopita katikati, na pete mbili za chuma, moja imekazwa na nyingine inazunguka. Hakuna springi. Mchanga ukiingia unatoka kwa maji, kwa kuwa mfereji uko wazi upande mmoja na hakuna pembe za kujificha. Adui wake ni mti wenyewe, ambao hunywa unyevu, ukavimba na kulibana bapa. Miezi ya mvua, kuanzia Aprili, Opinel kipya ambacho mpini wake haujatiwa mafuta kinaweza kubana hadi ukucha ukavunjika kabla bapa halijatoka. Watu wa Savoie wana dawa yao: pete ikiwa imefunguliwa, hugonga kitako cha mpini, upande ambao bapa linachomoza, juu ya kitu kigumu, na bapa hutokeza kiasi cha kushikika kwa vidole viwili. Dawa ya kudumu zaidi ni kukausha mpini kivulini kwa siku kadhaa, kupitisha msasa mwembamba uliokunjwa ndani ya mfereji mpaka bapa lipite bila kugusa kuta, kisha kuutia mti mafuta ya kitani na kuuacha ukauke kabisa. Kuuanika juani ili ukauke upesi hupasua mti kandokando ya ribiti, na ufa huo hauzibiki. Kazi hiyo hufanywa mara moja kwa umakini, ikarudiwa kidogo kila mwaka kabla ya mvua. Mvivu wa kufanya hivyo asinunue Opinel.

Victorinox ina hali nyingine. Vifaa vyake vimepangwa kwa tabaka, kila tabaka na springi yake ya mgongoni, na kati ya tabaka kuna nafasi nyembamba ambazo hukusanya mchanga na nyuzi za mfukoni. Mchanga wa Shela, ule mwembamba wa matuta, huingia humo vizuri mno, na utausikia ukikwaruza kila unapolifungua bapa. Kisu hicho, hata hivyo, kinaoshwa chote, na hilo ndilo jambo lililonifanya nikiheshimu. Springi ni za chuma kisichoshika kutu, vibamba vya kutenganisha tabaka ni vya alumini, misumari ni ya shaba, na mpini ni wa plastiki isiyovimba. Kinatiwa katika bakuli la maji matamu ya uvuguvugu, kila kifaa kinafunguliwa na kufungwa ndani ya maji hayo mara kadhaa mpaka mkwaruzo uishe, kinakaushwa wazi, kisha kila bawaba inapewa tone moja la mafuta. Kisu kilichokuwa kigumu kama kimeshonwa hurudi kufunguka kwa ukucha mmoja. Sijui cha bei hii kinachovumilia uzembe wa mwenyewe kiasi hicho.

Okapi ina springi nene ya mgongoni ya chuma cha kaboni, na meno yanayolia tak-tak-tak bapa linapofunguliwa. Iko wazi, kwa hiyo mafuta yanafika kila mahali, lakini pia chumvi inafika kila mahali. Kwa mkulima wa Mpeketoni aliye mbali na maji ya bahari haina tatizo kubwa. Kwa mvuvi itataka kufutwa na kutiwa mafuta kila jioni bila kukosa, kwa sababu kutu ikishaingia kati ya meno na springi, pete ya kulifungulia komeo huvutwa bila kuitikia.

Kile kisicho na jina kinavutia kwa jambo moja: kimefungwa kwa skrubu badala ya ribiti, hivyo kwa nadharia kinaweza kufumuliwa na kusafishwa. Skrubu zenyewe ni za kichwa cha nyota na huhitaji bisibisi ndogo ya fundi simu. Katika vile vya bei ya chini kabisa vichwa hivyo ni laini, na vikishashika kutu vinasagika mara ya kwanza unapovikaza mkono. Kibaya zaidi ni mabamba ya ndani, yaliyofichwa nyuma ya vifuniko vya plastiki au alumini, ambayo mara nyingi si ya chuma kilekile cha bapa. Ukikishika kisu kama hicho mbele ya taa na kuchungulia mferejini, utaona bapa linang'aa huku bamba lililo kando yake limeota unga wa rangi ya matofali, na bamba hilohilo ndilo komeo linalolizuia bapa lisikufumbie vidole.

Kuhusu mafuta, wengi hutia ya nazi kwa kuwa yapo jikoni. Mafuta ya kula huharibika yakikaa kwenye bawaba, mengi yakageuka gundi, na gundi hiyo hushika mchanga. Mafuta ya cherehani yanafaa zaidi na kichupa chake hudumu miaka. Kwa kisu kinachokata chakula, parafini ya maji ya duka la dawa ni bora, nayo haina harufu.

Komeo na vidole

Victorinox Spartan haina komeo. Springi inalishikilia bapa kwa nguvu ya kutosha kukata, lakini ukilichomeka mahali na kulisukuma kwa ncha, linaweza kujikunja. Kwa mtu aliyezoea kuvuta makali kuelekea upande mmoja hilo halimsumbui, na kwa kweli ni funzo zuri la namna ya kushika kisu. Kwa mtu anayetoboa ngozi za viatu au anayekwangua magamba huku chombo kinayumba, ni upungufu wa kweli.

Opinel inalo komeo ambalo halidanganyi, ile pete iliyowekwa mwaka 1955. Ukiizungusha unaona kwa macho kwamba mdomo wa mfereji umezibwa. Vinavyotengenezwa siku hizi hufungwa hata bapa likiwa limekunjwa, jambo la maana kwa mwenye watoto nyumbani. Upungufu wake ni kwamba lazima ukumbuke kuizungusha, na mikono yenye utelezi wa samaki huipata kwa shida.

Okapi hufungwa yenyewe kwa nguvu, na hufunguliwa kwa kuivuta pete ndogo iliyo mgongoni. Nawaomba wanunuzi wasifunge kamba ya kuning'inizia kwenye pete hiyo, ingawa inaonekana imewekwa kwa kazi hiyo. Kamba ikinasa na kuvutwa wakati unakata, komeo linaachia.

Kile kisicho na jina kipimwe dukani kabla ya fedha kutoka. Fungua bapa mpaka lilie, shika mpini kwa kuweka vidole vyote nje ya njia ya makali, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu juu ya ukingo wa meza ya mbao. Likijikunja, mrudishie muuzaji. Halafu litikise bapa kushoto na kulia. Likicheza leo, mwezi ujao litacheza zaidi. Muuzaji mwema hatakasirika kwa vipimo hivyo.

Makali na kunoa

Opinel ina bapa jembamba kuliko vyote, na ndiyo maana hupita katika embe na nyama ya samaki bila kusukumwa. Katika kazi hii pekee inawaacha wenziwe mbali. Wembamba huo haukubali kukwanyua wala kubandua, kwa hiyo chaza waliogandamana na mwamba watafutiwe chombo kingine, na dafu libaki na panga. Victorinox nayo ni nyembamba, inolewe kwa jiwe mara kwa mara na kwa muda mfupi. Okapi ni rahisi kunoa, kama vyuma vyote vya kaboni, na makali yake yakiwa mapya ni makali hasa. Asiye na jiwe la kunolea akigeuze kikombe cha kauri, atumie ile duara ya kitakoni isiyopakwa rangi ya kung'aa, alilaze bapa kwa mwinamo wa nyuzi 20 hivi na kulivuta kuelekea ncha, pande zote mbili kwa idadi sawa.

Kubeba

Msuli na kikoi havina mfuko, na mfuko wa kanzu ni mwepesi kwa kitu kizito. Klipu ya kile kisicho na jina imetengenezwa kwa suruali, na ikibanwa kwenye kikoi huchana nyuzi. Victorinox ina kikuku kidogo mwishoni kinachokubali kamba, kwa hiyo inaweza kuning'inia shingoni au kufungwa kwenye upindo, na anayefanya kazi juu ya mashua asikose kamba hiyo, kwa sababu kisu kilichoanguka majini hakina thamani tena. Opinel nambari 8 ya kawaida haina tundu, ingawa kwa kuwa ni mti, fundi yeyote atalitoboa kitakoni kwa dakika chache. Uzito wake ni kama gramu 45 tu, na mwenye kanzu hahisi kwamba amebeba kitu.

Anayesafiri kwa ndege kutoka Manda au Malindi akitie kisu katika mzigo unaopakiwa chini, maana hakitaruhusiwa mkononi hata kikiwa kidogo. Na mahali pa watu wengi, wakati wa Maulidi au kwenye mikutano ya siasa, kibaki nyumbani. Askari hana wajibu wa kujua kwamba ni cha kumenyea machungwa.

Basi achukue nani kipi

Kwa wengi wanaoishi Lamu mjini, wenye duka, wachukuzi wanaokata kamba za mizigo ya punda, waalimu, wapishi na wanafunzi wa chuo, ningechagua Victorinox na kuilipa bei yake bila manung'uniko. Hesabu yangu ni ile ya bawaba: ikisahauliwa mwezi mzima bado inafufuka kwa bakuli la maji. Anayeona vifaa sita ni vingi atafute ya milimita 84 yenye mpini wa alumini, ambayo ni nyembamba zaidi. Mshonaji wa kofia za vito, kwa upande wake, atafaidika zaidi na ile ndogo kabisa ya milimita 58, kwa ajili ya mkasi wake wa kukatia nyuzi.

Kwa anayekata chakula kuliko kitu kingine chochote, na aliye tayari kuutia mpini mafuta, ningempa Opinel cha INOX, kamwe si cha CARBONE katika visiwa hivi. Mvuvi namshauri vivyo hivyo, kwa ajili ya komeo na wembamba wa bapa, ila kwa sharti la mpini uliokwishatiwa mafuta ya kitani, mfereji uliopanuliwa kwa msasa, na kamba iliyopita kwenye tundu. Asiyeweza masharti hayo achukue kisu kisichokunjwa chenye ala ya plastiki, ambacho hakina bawaba ya kuharibika, na akiache chomboni.

Okapi ningemwachia mtu wa shamba, upande wa bara wa kaunti au nyuma ya Malindi, ambako chuma cha kaboni kinanoleka kwa jiwe la uani na chumvi haifiki kwa wingi. Kile kisicho na jina kinafaa kama kisu cha pili, cha kuwekwa kwenye droo ya duka kwa ajili ya maboksi, ambako hakiguswi na maji. Kinachonunuliwa kiwe chenye maandishi ya 8Cr13MoV, kilichoshinda kipimo cha meza, na skrubu zake zitiwe tone la mafuta ya cherehani siku ileile kinapoletwa nyumbani.